Waogiek wa Mau: haki iko kwenye Katiba, hati iko wapi?

SWALI: Mhariri habari. Mimi nasoma gazeti lenu kila toleo, niko Njoro. Hapa kwetu stori ya Waogiek na msitu wa Mau haiishi, na sasa nasikia wanataka kujitawala. Kwani hiyo si ni nchi ndani ya nchi? Alafu wao ni wenyeji kutushinda sisi tuliozaliwa hapa babu kwa babu? Na kama kweli walishinda kesi Arusha mbona bado wanafurushwa?

JIBU: Ndugu msomaji, asante, umeuliza matatu kwa mpigo kwa hivyo nivumilie.

Naanza na la wenyeji manake ndilo linachoma watu. Wewe ni mwenyeji wa Kenya na hakuna anayekunyang'anya hilo. Lakini mkoloni alipokata nchi kwa riziv, yaani maeneo aliyotengea kila kabila, hawa Waogiek, wawindaji na warina asali wa msituni, hakuwakatia chochote, aliwaita Wandorobo, jina lililotoka kwa Wamaasai la mtu asiye na ng'ombe, na Tume ya Carter, ile ya mkoloni ya mambo ya ardhi, miaka ya 1930 ikapendekeza wapelekwe kwenye riziv za makabila mengine wamezwe hukohuko. Yaani sisi wengine tulinyang'anywa ardhi, ndiyo, lakini kwenye ramani tulikuwepo, wao hawakuandikwa kabisa. Uhuru ulipokuja 1963 wakaukuta msitu ni wa serikali na wao wanaitwa wavamizi.

Na kwao walikuwa nako. Kila ukoo una kipande chake cha msitu, wanakiita konoito, kinaanzia chini na kupanda mpaka juu kwenye baridi, kwa sababu maua hayachanui kote wakati mmoja, nyuki anafuata maua na mwenye mizinga anafuata nyuki. Huwezi tu kwenda kutundika mzinga kwa ukoo mwingine bila ruhusa. Ukisikia wanasema kujitawala anzia hapo: nani anaingia msituni, mti gani haukatwi, ugomvi unaamuliwa na wazee gani, na serikali ikija na mradi inauliza kwanza au inakuja na tingatinga. Hakuna anayeomba jeshi wala bendera. Lile tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu watu wa asili linasema kujitawala ni kwenye mambo yao ya ndani na linasema wazi kwamba haliruhusu kuvunja nchi. Nchi 144 zilikubali, Tanzania ikiwemo, na Kenya yetu ikakaa katikati, haikupiga ndiyo wala hapana, hiyo bado inaniuma. Wainuit wa Canada wana Nunavut yao yenye serikali yake tangu tarehe 1 Aprili 1999 na Canada iko palepale.

Sasa Katiba. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kwa desturi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Na cha 62, kinapohesabu ardhi ya umma, kinataja misitu ya serikali halafu kinaitoa ile inayoshikiliwa kihalali na jamii kama misitu ya jamii. Mpaka hapo unasema basi kesi imeisha, si ndiyo? Soma mbele kidogo kwenye mstari uleule, vyanzo vya maji navyo vimewekwa kwa umma bila kutoa chochote, na Mau ni chanzo cha maji, mito ya Mara, Njoro na Sondu yote inatoka huko. Kwa hivyo kifungu cha 63 kinampa Muogiek msitu na cha 62 kinampa wakili wa serikali mlango wa kuurudisha. Mimi naona hapo ndipo Bunge lingefanya kazi miaka yote hii.

Kesi yenyewe ilianzia notisi ya Oktoba 2009, siku 30 watu watoke Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Kenya imevunja haki zao, ardhi, dini, utamaduni, maendeleo. Serikali ilijitetea kwamba inaokoa msitu, mahakama ikakataa, ikasema ripoti ambazo serikali yenyewe ilihusika kuziandaa zinalaumu watu wengine waliovamia, ardhi ya msitu kukatwa na kugawiwa, na vibali vya kukata miti. Hilo tulilijua hapa, watu wa Nessuit na Mariashoni, vijiji vya huko Mau, waliona miaka ya 1990 nani anagawiwa ploti.

Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 za hasara na 100,000,000 za maumivu, na ndani ya miaka miwili ardhi ipimwe na itolewe hati ya pamoja. Novemba 2023, miaka miwili haijaisha, nyumba zikabomolewa Sasimwani upande wa Narok. Ulichouliza mbona, jibu ni kwamba mahakama ya Arusha haina polisi wala ofisi ya kupima ardhi, inategemea serikali ileile iliyoshindwa kesi itekeleze.

SWALI: Mimi mamangu ni Muogiek, babangu siye. Hizo pesa za fidia nitapata mgao?

JIBU: Dada, hukumu haikusema pesa zigawanywe mtu mmoja mmoja. Ilisema zote ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii, na kwenye kamati ya mfuko wawemo Waogiek waliochaguliwa na Waogiek wenyewe. Kwa hivyo kuhusu watoto wa kina mama kama wewe, pakuulizia ni kwenye vikao vya jamii wakati wanapanga nani wa kuwawakilisha, nenda mapema na useme mamako ni wa ukoo gani. Na mtu akikuzungushia karatasi akitaka hela ya kukusajili upate mgao, usitoe hata shilingi.