Wadogo zangu wa IT, msimrudishe mtu eti hana namba ya tiketi

Jumatatu asubuhi nimesimama nje ya chumba chetu cha IT hapa hospitalini, pale chini ya ngazi, chai mkononi, namsikia dogo mmoja wa fildi anamwambia sista wa leba, "Huna namba ya tiketi? Kafungue kwanza ndio urudi." Tiketi ni ombi la msaada unaloliandika kwenye mfumo wa kompyuta, nao unakupa namba. Sista hakubishana, aligeuka akaenda zake. Na mimi nikajua anakoenda, anaenda kwenye daftari. Kompyuta ya wodini itakaa hivyohivyo mpaka wiki ijayo, majina ya kina mama yataandikwa kwa kalamu, halafu mwisho wa mwezi tutaanza kuulizana kwa nini hesabu za leba hazilingani na za mapokezi.

Nikamkimbilia sista kwenye korido tukaenda wote, kumbe kebo ya mtandao imechomoka ukutani, dakika mbili tumemaliza. Lakini imeniuma wiki nzima, kwa sababu yule dogo sio mkorofi hata kidogo, anafanya alivyoelekezwa, na mimi kosa hilohilo niliwahi kulifanya, tena kubwa kuliko lake. Ndio maana nawaandikia nyinyi mliokuja fildi na nyinyi mlioajiriwa juzi mkatukuta tunahama, tunatoka kwenye kupigiwa simu na kufuatwa mlangoni tunaenda kwenye helpdeski moja, yaani dawati la msaada wa IT, la makao makuu. Mambo ya P1 mpaka P4 (ngazi za uharaka), SLA (muda tulioahidi kumaliza kazi), tofauti ya tatizo na ombi, mmeyasoma chuoni, siyarudii hapa.

1. Salimieni watu. Unamkuta mtu wa miaka 55 ofisini kwake, unakaa kwenye kiti chake, unashika mausi yake, shikamoo hakuna, halafu unashangaa hataki mfumo mpya? Kuna mama mmoja wa chumba cha mafaili aliwahi kunisimamisha mlangoni nikiwa mgeni kazini akaniambia, "Mwanangu, kompyuta umeiona, mimi hujaniona?" Tangu siku hiyo nasalimia hadi wagonjwa waliokaa foleni. Na yule mama ndiye aliyekuja kuwafundisha wenzake wote wa mafaili kufungua tiketi, mimi sikurudi tena kule kufundisha.

2. Msifunge mlango wa zamani mpaka muone kwa macho yenu watu wanapita kwenye mpya. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Ilikuwa 2021, hospitali nyingine, sio hii. Nilikuwa na miaka mitatu kazini nikapewa kusimamia uhamaji wa namna hii. Kabla ya hapo msaada wa IT ulikuwa ekstensheni moja ya simu ya ndani, grupu la WhatsApp na miguu yangu. Unakula unapigiwa, mafundi wawili wanakutana kwenye printa moja huku ya keshia imelala toka jana na hakuna anayejua, na kwenye grupu watu wanarusha picha za skrini zenye majina ya wagonjwa na majibu yao. Kwa hiyo kuhama kulikuwa sahihi, mpaka leo naamini hivyo, tiketi ina kumbukumbu na kichwa changu hakina.

Nikaandaa mafunzo. Ukumbi, projekta, slaidi 40, soda na sambusa, watu kama 60, saa mbili nzima naongea mimi tu. Mwishoni nikauliza kama kuna maswali. Akasimama mzee mmoja wa maabara, amebakiza miaka michache astaafu, mtu mtaratibu sana, akauliza, "Na nikishindwa kuingia kwenye kompyuta yenyewe, hiyo tiketi naifungulia wapi?" Nikajibu harakaharaka, "Mzee wewe fungua tiketi tu, utasaidiwa." Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Mzee akakaa chini, hakuuliza tena.

Swali lake lilikuwa na maana kuliko slaidi zangu zote 40.

Ijumaa jioni nikaikata ekstensheni, nikalifunga grupu, nikabandika karatasi mlangoni kwetu, HUDUMA ZOTE KWA TIKETI, nikaenda nyumbani nikalala vizuri kabisa. Sasa hesabuni wenyewe. Akaunti za watu wote tulizifungua kwa mkupuo, na muda wa paswedi kwenye domeini, ule mfumo mmoja unaosimamia akaunti zote, hatukuugusa, tuliuacha kama Windows inavyokuja nao, siku 42, maana yake paswedi zilizofunguliwa siku moja zinakufa siku moja. Ya mzee ikaisha usiku uleule wa Ijumaa. Kompyuta ikamwambia aweke mpya, akaweka, ikakataa, haina herufi kubwa, akaweka nyingine ikakataa, haina alama, akajaribu kurudi kwenye ile ya zamani akakosea mara tano, akaunti ikajifunga. Tovuti ya tiketi nayo inaingiwa kwa akaunti hiyohiyo. Akapiga ekstensheni, imekufa. Grupu limefungwa. Akashuka mpaka mlangoni kwetu akakutana na karatasi yangu.

Vijana wa maabara walikuwepo, wangeweza kumfungulia kwenye kompyuta zao, lakini hakuwaomba, na angewaombaje watu waliomcheka ukumbini siku tatu nyuma?

Akafanya alichokijua kwa miaka thelathini, akachukua daftari. Anapima, anaandika kwa mkono, anapata nafasi anapanda ngazi kupeleka majibu wodini mwenyewe, anashuka anapima tena, na shifti ya wikiendi wako wachache, kwa hiyo majibu mengine yakabaki mezani. Juu wodi ya watoto dokta anaangalia skrini, skrini inamwambia kipimo bado. Kulikuwa na mama ana mtoto mwenye homa, alikaa kwenye benchi na mwanaye kifuani mpaka alfajiri akisubiri majibu ya malaria, na majibu yalishaandikwa tangu saa nne usiku, yako ghorofa ya chini yake. Mtoto alipona, nilifuatilia mwenyewe mpaka nikahakikisha, lakini ule usiku wa yule mama hakuna wa kumrudishia.

Mimi sijui lolote kati ya hayo. Jumatatu naingia kikao cha asubuhi na ripoti yangu nimeichapa, nasoma kwa sauti, "Maabara, tangu Ijumaa, tiketi sifuri," tena kwa furaha, na mganga mfawidhi ananipongeza mbele za watu. Dokta wa watoto akasema taratibu tu, "Kabla hujakaa, nenda kaangalie maabara."

Nikashuka. Nikakuta daftari, kurasa kumi na moja zimejaa, mwandiko mzuri umenyooka, saa na dakika kila mstari. Mzee hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinitazama akasema, "Mwanangu, si mlisema tusipige simu?"

Nilimwomba radhi palepale, na kesho yake nikaomba nafasi kwenye kikao nikamwomba radhi tena mbele ya wote, kwa sababu kicheko kilikuwa mbele ya wote. Simu ikarudishwa siku hiyohiyo ikakaa miezi miwili zaidi, kila anayepiga tunampokea, tunamsaidia, tunamfungulia tiketi, na kabla ya kukata tunamwambia namna ya kuifungua mwenyewe mara nyingine. Ilipofika wakati wa kuifunga ilikuwa haiiti tena, ilikufa yenyewe bila mtu kuikata. Na mpaka leo mimi idara ikiwa na tiketi sifuri wiki nzima naenda kwa miguu kuangalia wameficha wapi daftari.

3. Mtu akija mlangoni bila tiketi, ifungue wewe, yeye akiwa amekaa pembeni yako anaona, na andika kwa maneno yake, akisema printa inatafuna karatasi andika inatafuna karatasi.

4. Kila kompyuta ibandikwe karatasi ndogo yenye namba ya simu ya helpdeski na jina la hiyo kompyuta, kwa sababu aliyefungiwa nje hawezi kusoma maelekezo yaliyoko ndani.

5. AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Sasa hivi anayekusaidia yuko mbali, humuoni, unaona tu kishale kinatembea chenyewe. Kwetu sisi kawaida, kwa mtu wa dirisha la keshia ni kama mzimu umeingia. Kuna dada mmoja wa keshia mwezi uliopita fundi wa makao makuu aliunganisha bila kuongea naye, dada akaona dirisha linafunguka lenyewe akachomoa waya wa umeme ukutani, kompyuta ikazima ghafla katikati ya risiti. Wadogo zangu wawili wakaanza kumcheka. Niliwakatisha, na ninarudia hapa, yule dada ndiye aliyefanya sawa kuliko sisi wote! Anakaa na pesa, hajui nani ameingia, amekata. Matapeli wanapiga simu kila siku wanajiita watu wa IT, wakati mwingine wanataka paswedi, wakati mwingine wanataka hiyohiyo namba ya AnyDesk. Kwa hiyo mpigie kwanza, jitambulishe, mtajie namba ya tiketi aliyoifungua yeye maana tapeli hana hiyo namba, mwambie afunge ukurasa wa mgonjwa, kisha ndio aruhusu, na wakati unafanya ongea naye, mwambie sasa nafungua hiki, sasa nafunga kile. Paswedi yake usiiulize kamwe, ili siku mtu akimuuliza ajue huyo sio wa kwetu. Keshia alipoeleweshwa hivyo amekuwa mkali wa kuuliza namba ya tiketi hadi mimi mwenyewe ananiuliza, na nafurahi mno.

6. Grupu la WhatsApp la hapa kwetu. Msijibu shida ndani ya grupu, lakini pia msikae kimya mkaacha tiki mbili za bluu zikiongea kwa niaba yenu. Mfuate mtu pembeni, "Sista nimeona, nimekufungulia, namba yake hii, nakuja." Na mwelezeni sababu, sio kusema utaratibu umebadilika tu. Sheria yetu Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa humo kuwa taarifa nyeti, sasa picha ya skrini yenye jina la mgonjwa na kipimo chake inakaa kwenye simu za watu wangapi pale, na wangapi walishaacha kazi bado wamo? Manesi wanaelewa siri ya mgonjwa kuliko sisi, waambieni hivyo na hamtabishana nao.

7. Msibadilishe vitu viwili wiki moja. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zinahamia 11, sawa, lakini mtu aliyeamka leo akakuta kitufe cha Start kimehama kutoka pembeni kiko katikati, usimwambie leoleo na simu usipige tena. Hicho kitufe mrudishieni kushoto kwenye mipangilio ya taskbar, ule mstari wa chini ya skrini, nusu dakika tu, mtapendwa.

8. Shifti ya usiku. Mafunzo yanawekwa saa tatu asubuhi, aliyekesha yuko nyumbani amelala, tunaandika idara nzima imefundishwa. Hajafundishwa mtu, na usiku ndio mambo yanapoharibika na sisi hatupo. Waliokesha nendeni kwao usiku, sio na slaidi, nenda na kompyuta yao wenyewe, mmoja mmoja, kazi ikiingia unakaa pembeni unasubiri.

Jumatano saa tatu usiku nakwenda leba na yule dogo wa Jumatatu. Nimeshaongea naye, nilimsimulia habari ya mzee wa maabara akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza jina la yule sista ili akamwombe radhi. Yeye ndiye atakayeelekeza, na sista ndiye atakayefungua tiketi ya kwanza kwa mkono wake. Anayetaka kuja aje, ila apitie stoo achukue kebo mbili, ile ya ukutani kichwa chake kimelegea itachomoka tena.