Maswali ya Wasomaji: Kujitungia Tawi la Wizadi

Majibu yote ya safu hii yanahusu Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu huamua matokeo. Wizadi ni mhusika mchawi, na tawi ni njia maalumu anayoichagua ndani ya fani hiyo. Pale kanuni za 2014 zinapotofautiana na za 2024, tumetaja.

Shikamooni wahariri. Kundi letu limeshayachezea matawi yote ya wizadi yaliyomo vitabuni, sasa nataka kutunga letu. Nianzie wapi? — Msomaji, Morogoro

Marahaba. Kabla ya kugusa namba yoyote, andika sentensi moja: zamu yake ikifika, mwenye tawi hili ataamua jambo gani ambalo wizadi mwingine haamui? Tazama matawi yaliyokwisha kuthibitika. Wa Evocation anaweza kulipua Fireball, speli (uchawi) ya mpira wa moto, katikati ya wenzake na kuwakinga hadi wanne wasiungue. Wa Divination anarusha dadu mbili za pande 20 baada ya mapumziko marefu, anaziweka akiba, kisha anazitumia badala ya rusho la mtu yeyote, rafiki au adui. Wachezaji wa matawi hayo wanafikiri tofauti mezani. Kama sentensi yako inasema tu "anaumiza zaidi", tawi bado hujalipata.

Uwezo wa tawi hutolewa mara nne, mhusika anapopanda madaraja: daraja la 2 kwa kanuni za 2014 (la 3 kwa za 2024), kisha la 6, la 10 na la 14. Ule wa kwanza ndio sura ya tawi, na lazima uonekane karibu kila pambano. Wa 14 unaweza kuwa mkubwa, mradi utumike mara moja tu kwa mapumziko marefu. Usiongeze kitu madaraja ya 18 na 20, kwani huko wizadi yeyote ana zawadi zake.

Kumbuka pia kwamba unamjengea mtu ambaye tayari ni tajiri. Kila daraja anajifunza speli mbili mpya, anaweza kunakili nyingine kwa vipande 50 vya dhahabu na saa 2 kwa kila ngazi ya speli, na akipumzika kidogo anarejesha baadhi ya nafasi zake za kutupa speli. Gharama yake ni mwili dhaifu, wenye dadu ya uhai ya d6, yaani ya pande sita. Tawi likimpa deraya nzito, pointi nyingi za uhai na speli za bure kwa pamoja, gharama hiyo inafutika, na mpiganaji wa upanga aliyeketi naye anabaki hana kazi.

Nimetunga Tawi la Pepo, kwa kufuata kaskazi na kusi. Daraja la 2: nyongeza ya Akili inaingia kwenye madhara ya speli zote. La 6: anashikilia speli mbili za umakini (zinazodumu mradi anazikazia fikra) kwa wakati mmoja. La 10: kila mapumziko mafupi anarudishiwa nafasi moja ya ngazi ya 3. La 14 anaruka daima. Mwendesha mchezo wetu amelikataa. Kosa liko wapi? — Msomaji, Tanga

Wazo ni zuri sana. Pepo mbili zinazopokezana kwa msimu, moja ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi na nyingine ikiyarudisha, zinampa mchezaji uamuzi wa kufanya. Lakini katika rasimu yako hakuna hata uwezo mmoja unaouliza upepo gani unavuma. Ukiita tawi hilo la Mawe, hakuna kitakachobadilika. Hilo ndilo kosa la kwanza, kubwa kuliko namba.

Namba nazo tuzihesabu. Fireball ni 8d6 (dadu nane za pande sita), wastani wa 28. Wizadi wa daraja la 5 mwenye Akili 18, yaani nyongeza ya 4, ataongeza 4 kwa kila aliyemo ndani ya moto. Wakiwa wanne, na wote wakashindwa kujinusuru (rusho la dadu la kuepa speli), ni 16 zaidi. Hilo linavumilika. Tatizo ni Magic Missile: mishale mitatu, kila mmoja 1d4+1, jumla ya wastani 10.5. Uwezo wako ukisomwa kwamba unaingia kwenye kila mshale, jumla inapanda hadi 22.5 kwa nafasi ya ngazi ya 1, na mishale hiyo haikosi. Evocation, ambalo ndilo tawi la milipuko, hupata uwezo wa aina hii daraja la 10, tena kwa rusho moja tu la madhara na kwa speli za aina ya evocation pekee.

Umakini wa speli mbili ndio unaovunja mchezo hasa. Sheria ya umakini mmoja ndiyo breki kuu ya speli zenye nguvu. Iondoe, na wizadi atajificha kwa Greater Invisibility huku akiwashikilia maadui kwa Hypnotic Pattern. Hapo mwendesha mchezo atalazimika kuandaa kila pambano kwa ajili ya mtu mmoja.

Kuhusu nafasi ya ngazi ya 3: hata akiwa daraja la 10 mwenye nafasi tatu za ngazi hiyo, mapumziko mafupi mawili kwa siku yanampa mbili zaidi, bila kuhesabu za juu wala zile ambazo wizadi yeyote hurejesha. Kundi likizoea kupumzika kila baada ya pambano, hesabu hiyo haina mwisho.

Tungeliandika upya hivi:

*Daraja la 2 (au la 3), Upepo wa Msimu.* Baada ya mapumziko marefu, chagua kaskazi au kusi. Kaskazi: mara moja kwa zamu yako, ukitupa speli ya ngazi ya 1 au zaidi, mwenzako mmoja aliye ndani ya futi 30 na anayekubali anasogea futi 10 bila kuchokoza shambulio la fursa, yaani pigo la adui anayeachwa. Kusi: mara moja kwa zamu yako, kiumbe kimoja kisichozidi ukubwa wa Large (kama farasi) kikishindwa kujinusuru na speli yako, kinasukumwa futi 10 kwenda mbali nawe, sambamba na ardhi.

Maneno "mara moja kwa zamu" na "kiumbe kimoja" usiyatoe. Bila hayo, Fireball moja itawamwaga maadui wanane korongoni. Bila "sambamba na ardhi", mtu atawainua juu na kudai madhara ya kuanguka.

*Daraja la 6, Tanga Lililojaa.* Umakini wako ukivunjwa na madhara, speli inaendelea hadi mwisho wa zamu yako inayofuata. Idadi ya matumizi ni sawa na nyongeza ya ustadi (inayopanda na jumla ya madaraja ya mhusika) kwa mapumziko marefu. Sharti la "ukivunjwa na madhara" ndilo linalolinda kila kitu. Ukiruhusu mtu aache umakini kwa hiari yake, umerudi kwenye speli mbili.

*Daraja la 10, Matlai.* Unaweza kubadilisha upepo kwa tendo la ziada, mara moja kwa mapumziko mafupi au marefu.

*Daraja la 14, Dhoruba.* Mara moja kwa mapumziko marefu, kwa dakika moja, pepo zote mbili zinakutii, na futi 10 zinakuwa 20.

Kuruka daima tumekuondoa. Speli ya Fly ameshaipata tangu daraja la 5. Kumpa bila gharama kunaua kila mto, ukuta na shimo ambalo mwendesha mchezo angeliandaa.

Nitajuaje kama tawi langu lina uwiano? — Msomaji, Nakuru

Cheza mapambano matatu kwa daraja la 3, matatu kwa la 6, matatu kwa la 11, yale yale mara mbili: mara ya kwanza na wizadi wa Evocation, ya pili na wako, wenye speli zile zile. Usiandike nani alishinda. Andika kila uwezo ulitumika mara ngapi, na nani mezani alikaa zamu nzima bila la kufanya. Uwezo usiotumika hata mara moja katika mapambano matatu una sharti gumu mno. Unaotumika kila zamu bila kufikiriwa ni nyongeza tu, haujawa uamuzi.

Pima pia anayechanganya fani, kama wizadi na mpiganaji, katika mhusika mmoja. Katika kanuni za 2014, daraja mbili tu za wizadi zinampa mtu uwezo wenu wa kwanza. Ukitaka uwezo huo ukue, ukuze kwa daraja la wizadi, usiukuze kwa nyongeza ya ustadi, maana hiyo hupanda hata kwa mtu ambaye madaraja yake 18 mengine ni ya upanga.

Naruhusiwa kulisambaza tawi nililotunga, tena kwa Kiswahili? — Msomaji, Muscat

Ndiyo. Januari 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliuweka waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons CC-BY-4.0, inayoruhusu kutumia, kutafsiri na hata kuuza, mradi unakili tamko la utambuzi lililomo ndani yake. SRD 5.2, ya kanuni za 2024, ilifuata 2025 kwa leseni hiyo hiyo. Katika SRD 5.1 tawi la wizadi ni moja tu, Evocation, kwa hiyo usinakili maandishi ya matawi mengine. Angalia na majina ya speli: yale yenye majina ya wachawi mashuhuri wa mchezo, kama la Bigby, yamo bila jina la mwenyewe. Mkono wa Bigby humo unaitwa Arcane Hand, nawe uandike hivyo.