Mgahawa wetu wa Masaki umebadilika, tuseme au tuhame?

SWALI: Anti shikamoo. Kuna mgahawa mmoja wa bei huko Masaki, unatazama bahari, mimi na mume wangu tulikuwa tunaenda kila tukiwa na jambo letu, besdei, anivesari, na kiukweli pesa ilikuwa inauma lakini unatoka umeridhika. Kulikuwa na kaka mmoja mhudumu, ukikaa tu anakumbuka mume wangu hali pilipili. Sasa hivi loh! Unakaa mpaka unajiuliza wamekuona kweli, menyu ina madoa ya mchuzi, kolekole wa kuchoma anakuja nje amekauka ndani ana majimaji ya friza, ukiuliza unaambiwa ngoja nikaulize jikoni na harudi mtu, halafu bili ikaletwa imeandikwa kwa kalamu, chini wameongeza asilimia 10 ya sevisi chaji juu ya VAT. Nikauliza sevisi ipi, dada wa watu akainama tu. Yule kaka nimeambiwa ameacha kazi. Mume wangu anasema tuhame kimyakimya, mimi roho inaniuma maana pale napapenda. Tufanyeje?
Mama Wawili, Mikocheni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Semeni. Tena semeni mkiwa bado mezani, maana samaki akishaliwa hakuna atakayewaelewa, na aitwe meneja mwenyewe, hasira zisiishie kwa yule dada, bili hakuipanga yeye.

Nikikusoma naona kilichokuuma zaidi ni yule kaka kuondoka, na kwa mtazamo wangu mambo yameharibikia hapohapo. Mhudumu mzoefu anakaa sehemu kama mshahara unatoka kwa tarehe, anaheshimiwa, na ile sevisi chaji inamfikia mkononi. Ikianza kuishia ofisini, wale wazuri ndio wa kwanza kuondoka kwa sababu hawakosi pa kwenda, wanabaki wageni wa kazi hawana hata wa kuwaelekeza, na wewe bei unalipa ileile. Kwahiyo muulize meneja wazi kabisa, hii asilimia 10 wahudumu wanagawiwa? VAT ya asilimia 18 ni kodi ya serikali, hiyo hukwepi, ila sevisi chaji siyo kodi, ni pesa ya mgahawa wenyewe, na kama haikuandikwa kwenye menyu mimi ningegoma kulipa mpaka waitoe.

Hiyo bili ya kalamu nayo usiondoke nayo, dai risiti ya EFD, ile ya mashine. TRA, watu wa mapato, kila siku wanasema ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mteja asiyedai naye anaweza kupigwa faini.

Kwenye samaki nitawatetea kidogo. Kipindi cha upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti hivi, bahari inachafuka, boti ndogo kuna siku hazitoki na pale soko la samaki la Feri bei inapaa, friza inaeleweka. Lakini sehemu inayojiheshimu inakuambia mapema kwamba leo fresh hatuna. Kukuuzia wa friza kwa bei ya aliyevuliwa asubuhi, hapana, mrudishe jikoni.

Wapeni nafasi moja tena, nendeni katikati ya wiki siyo Ijumaa usiku watu wamejaa, muone kama meneja amefanyia kazi. Mkikuta yaleyale, ulizieni yule kaka yuko wapi siku hizi, wenzake watakuwa wanajua, na anivesari ijayo mfuateni hukohuko.