Kialbania hakikuzaliwa na Kilatini

Je, Kialbania, lugha ya Waalbania, kilitokana na Kilatini au Kigiriki? Hapana, si mtoto wa Kilatini wala wa Kigiriki. Ni tawi linalojitegemea ndani ya familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya, jambo alilolionyesha mwanaisimu Mjerumani Franz Bopp mwaka 1854. Wengi wanapotezwa na maneno ya mkopo: mik (rafiki) limetoka kwa amicus, qytet (mji) kwa civitas, mbret (mfalme) kwa imperator. Lakini tazama jinsi mikopo hiyo ilivyochakaa kimatamshi! Iliingia enzi za Roma, kwa hiyo lugha yenyewe ilikuwapo tayari. Na jino wanaita dhëmb, neno la asili kabisa, ndugu yake jambha la Kisanskriti, lugha ya kale ya India.

Kilichochelewa ni maandishi tu. Sentensi kongwe yenye tarehe ya uhakika ni ya ubatizo, mwaka 1462, na kitabu cha kwanza kinachojulikana kuchapwa, cha padri Gjon Buzuku, ni cha 1555.

Ila tusikimbilie kusema kwamba Kialbania "ni Kiilyria", lugha ya kale ya magharibi mwa Balkani, kana kwamba kesi imefungwa. Waliotumia Kiilyria wametuachia hasa majina ya watu na ya mahali, na kwa majina peke yake huwezi kulinganisha sarufi.