Pilipili manga haikaushwi na jua peke yake

Kila msimu hakosi mtu wa kunipigia simu: kaanika pilipili manga yake wiki nzima, kaitia kwenye kiroba ikiwa kavu kabisa kwa macho, na alipofungua mwezi uliofuata akakuta imeota kuvu. Jua alikuwa nalo, turubai alikuwa nalo. Alichoruka ni zile siku za baada ya jua, ambazo kwetu Pwani ndizo zenye kazi.

Shamba langu liko Muheza, upande wa juu kuelekea Amani, kule ambako Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Mahali pazuri pa kuotesha viungo, pabaya pa kuvikausha. Mawingu yanaweza kukaa mlimani tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana mavuno nayateremsha Tanga mjini, nauli ikaniuma nisiseme kitu.

Kuchuma sitakawia nako. Kichala kikionyesha punje moja au mbili nyekundu, kimefika. Ukichuma mapema mno, pilipili ikikauka inakuwa nyepesi, na ukipepeta inaruka na makapi. Ukingoja kichala kizima kiive, ndege watavuna kabla yako.

Baada ya kupukuchua, zitie punje kwenye mfuko wa wavu, uzamishe kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka, kama dakika 1, utoe. Wengi wanaona hii ni hatua ya usafi tu. Ni kweli inaondoa vumbi na kupunguza vijidudu, lakini kubwa zaidi ni kwamba joto linalegeza ngozi ya punje, vimeng'enya vilivyomo vinakutana na hewa, na hivyo ndivyo vinavyoleta ule weusi. Ukizichemsha kwa muda mrefu unaviua vimeng'enya vyenyewe, pilipili inabaki ya kahawia, na harufu inaondoka na mvuke. Ukali hauondoki kirahisi. Harufu ndiyo inayokimbia, na mnunuzi anayejua kazi yake hunusa kabla ya kuonja.

Anika juu ya kichanja, si chini, na tafadhali si pembeni ya lami. Kuku wa mtaa wa Makorora, huko Tanga mjini, hawajui mpaka wa mtu. Tandaza nyembamba, geuza mara kwa mara. Jua likiwa zuri, siku 3 hadi 5 zinatosha, vuli ikianza hesabu zaidi. Kuanua ndiko watu wanakozembea: adhana ya magharibi ikikukuta pilipili bado iko nje, umande umeshakutangulia, na ulichokausha mchana unaanza kukirudisha usiku. Hewa ya bahari hailali.

Sasa utajuaje imefika? Pima uzito. Kilo 3 za mbichi zinatoa takriban kilo 1 ya kavu. Ukiona bado una kilo moja na nusu, usijidanganye. Punje kavu ukiing'ata inavunjika kwa mlio, haibonyei. Kuna na jaribio la chumvi ambalo watu hulitumia kwa mahindi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, punje zako, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado sana. Ila isipoganda usishangilie, kwa sababu jaribio hilo hukamata unyevu wa asilimia 15 hivi kwenda juu, na pilipili manga inatakiwa ishuke hadi 12 au chini yake.

Hapa ndipo ninapoachana na majirani zangu wengi. Wao wakiona imelia kavu, wanafunga na kuuza. Mimi naipoza kwanza kivulini, maana ukiifunga ikiwa na joto la jua itatoka jasho humo humo. Kisha naitia kwenye ndoo safi yenye mfuniko wa kubana, isijae, nibakize nafasi ya hewa juu. Ngozi ya punje hukauka kabla ya kiini. Ikikaa mahali pamefungwa, maji yaliyojificha katikati yanatoka polepole mpaka punje nzima inakuwa sawa. Kila asubuhi nafungua, nanusa, nakoroga kwa mkono mkavu. Nikiona ukungu wa maji chini ya mfuniko, inarudi juani siku hiyo hiyo. Harufu ikiwa na uchachu, vivyo hivyo, bila mjadala. Kwa kawaida wiki moja inatosha kuniambia ukweli, na harufu mwishoni mwa wiki hiyo huwa imetulia, ule ubichi wa majani umekwisha.

Bibi mmoja wa huko juu, aliyekaa na viungo maisha yake yote, yeye hana ndoo. "Mwanangu, tia mkono katikati ya gunia," aliniambia. "Ukiona joto, kuna maji." Yuko sahihi kabisa: kitu chenye unyevu kikirundikwa kinajipasha chenyewe. Tatizo ni kwamba mpaka usikie joto, uharibifu umeshaanza, kwa hiyo mkono wake nautumia kwa mzigo wa mtu ninayenunua kwake, wa kwangu nautegea mfuniko.

Usiifanyie hivi iliki. Hiyo inataka kivuli na hewa, ama sivyo rangi yake ya kijani inapauka na bei inapauka nayo. Karafuu inavumilia jua, ila usiirundike mbichi hata usiku mmoja, itachacha.

Kuhifadhi: kiroba cha salfeti kitupu kinapitisha hewa, kwa hiyo tanguliza mfuko mzito wa nailoni ndani, funga kwa kukaza, weka juu ya mbao mbali na ukuta. Usisage mapema, hata ukiombwa; saga unapouza. Na dalali akija na maneno ya "hii ina maji" ili ashushe bei, muombe alete kipimo chake mkipime pamoja. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wamekiacha nyumbani.