Zawadi za Krismasi za mbao: hesabu siku ukianzia mwisho

Mwaka wa kwanza nilipoamua kutengeneza zawadi za Krismasi kwa mikono yangu, nilimtengenezea mama kisanduku cha kuwekea nyuzi na sindano zake. Kilikuwa kizuri, sioni haya kusema. Tarehe 23 Desemba usiku nikakipaka mafuta ya kitani, yale ya mbegu yanayopakwa kwenye mbao, mkono wa tatu. Kesho yake jioni nikakigusa, nikaona hakichafui kidole, nikakifunga kwa karatasi ya zawadi. Asubuhi mama alipokifungua, karatasi iligoma kutoka. Ilikuwa imegandia kifuniko kizima, na tulipoibandua iliacha herufi nyekundu juu ya mbao, zimeandikika kinyume.

"Mwanangu," mama akasema huku akikinusa, "hiki kitu kimeiva kweli?"

Hakikuwa kimeiva. Nilikuwa nadhani mafuta ya kitani hukauka kama nguo kwenye kamba, yaani maji yanatoka na mambo yamekwisha. Sivyo. Yale mafuta huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka polepole kuwa utando mgumu. Mabichi huchukua wiki kadhaa; yale yaliyotiwa dawa ya kukausha hushika baada ya siku moja au mbili, lakini ndani yanaendelea kuiva karibu mwezi mzima. Ukiyafunika kwa karatasi kabla hayajamaliza, umeyanyima hewa na umeyapa kitu cha kung'ang'ania.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza "nianze lini kukata?" Najiuliza "mafuta ya mwisho yapakwe lini?", kisha narudi nyuma. Kama zawadi itafungwa tarehe 20 Desemba, mkono wa mwisho wa mafuta uwe umepita kufikia tarehe 20 Novemba. Kupiga msasa kumalizike mapema Novemba. Kukata na kuunga kwa gundi ni Oktoba. Na mbao zenyewe ziwe zimeshaingia karakanani Septemba, hata kama sijajua zitakuwa nini. Wengi tunaopenda kazi hii tunaifanya jioni na mwisho wa wiki, kwa hiyo ukihesabu vizuri utaona Oktoba nzima ina siku nane tu za kazi za kweli. Na hapo hujafiwa, hujaugua, wala umeme haujakatika.

Kwa nini mbao ziingie mapema? Kwa sababu mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, hata ikishakuwa meza, na inahitaji muda kuzoea hewa ya karakana kabla hujaikata. Ikivuta unyevu inatanuka, ikiutoa inasinyaa, na mwendo huo unakwenda kwa upana wake; kwa urefu, kufuata nyuzi za mbao (ile mistari yake), haibadiliki kiasi cha kukuhangaisha. Ubao wa sentimita 30 kwa upana unaweza kucheza milimita mbili tatu kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Hili nililijua kwa kulisoma, halafu nikalijua kwa aibu. Nilimtengenezea shemeji yangu kibao cha kukatia, nikakizungushia fremu ya mbao nyeusi pande zote nne, nimeitia gundi kila mahali, pembe zimekutana safi kabisa. Baada ya miezi mitatu kikapasuka katikati kwa mlio ambao shemeji anasema aliusikia akiwa chumbani. Nilimpelekea fundi mmoja mzee aliyenifundisha kupiga randa. Akakigeuza mara moja tu.

"Huu ubao umeufunga kamba shingoni," akasema. "Ulitaka usinyae uende wapi?"

Fremu haikuruhusu ubao kusogea, basi ubao ukasogea kwa kupasuka. Kwa zawadi ya kwanza usihangaike na fremu kabisa. Unga vipande vyote nyuzi zikielekea upande mmoja, acha ncha wazi, zungusha kingo kwa msasa, inatosha na inapendeza.

Mbao za mapaleti, yale majukwaa ya kupakilia mizigo, zinastahili neno, maana ndizo za bure na kila mtu anazikimbilia. Tafuta muhuri. Paleti zinazosafirishwa baina ya nchi hupigwa alama: HT maana yake zimepashwa joto hadi katikati ya mbao kufika nyuzijoto 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Za HT nachukua. Za MB naziacha, na zisizo na alama yoyote, au zenye madoa ya kitu nisichokijua, siziwekei mtu chakula juu yake wala simpi mtoto. Halafu zipitie kwa sumaku kabla ya kuzipiga randa. Msumari mmoja uliokatikia ndani utakula makali ya randa yako, na utatumia jioni nzima kunoa badala ya kutengeneza.

Sasa, nini cha kutengeneza. Kosa langu la pili mwaka ule lilikuwa kumtengenezea kila mtu kitu chake: sanduku la mama, kinara cha mishumaa cha dada, gari la mpwa wangu, fremu ya picha ya jirani, kibao cha shemeji. Vitu vitano, vipimo vitano, kila kimoja nikijifunza upya na kukiharibu upya. Siku hizi nachagua kitu kimoja kwa mwaka na kukitengeneza mara kumi na mbili. Watu kumi wanapata, viwili ni vya kufidia vitakavyoharibika, na vitaharibika. Cha kwanza kinakuchukua Jumamosi nzima. Kufika cha tano mkono umeshajua penseli inapopita, na tofauti ndogo kati ya kimoja na kingine zinakuwa ndizo uzuri wake.

Waliobobea katika hili ni mafundi wa Seiffen, kijiji cha milima ya Erzgebirge huko Ujerumani, kinachojulikana kwa mapambo na wanasesere wa Krismasi wa mbao. Wana mbinu moja inayonistaajabisha kila nikiiona. Fundi anafunga kipande cha gogo kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao, anakichonga kiwe pete yenye mabonde na vilima ambavyo ukivitazama huelewi ni nini. Halafu anaipasua pete ile kama mtu anayekata keki, na kila kipande kinachotoka, ukikitazama ubavuni, ni mnyama kamili: kichwa, mgongo, miguu, mkia. Pete moja inatoa kundi zima.

Mimi sina mashine ya kukereza. Lakini wazo lenyewe halihitaji mashine. Nachukua kipande kinene, sentimita 6 hivi, nachora umbo la ngamia upande wa uso, nakata umbo lile kwa msumeno mwembamba, kisha nakibana kwenye jiliwa (kibanio cha meza ya kazi) na kukipasua kuwa vipande vitatu vyembamba. Umechora mara moja, umekata kona mara moja, una ngamia watatu wanaofanana. Ukiwa na mbao nyembamba tu, zibandike tatu pamoja kwa gundi tepu ya pande mbili, ukate zote kwa mpigo mmoja, halafu uzitenganishe.

Angalia jambo moja hapo, maana ngamia wangu wa kwanza wote walikuwa vilema. Nyuzi za mbao lazima zisimame wima miguuni. Nilikuwa nimechora nikifuata urefu wa ubao, nyuzi zikawa zinakata mguu kwa upana, na mguu wa namna hiyo huvunjika hata kwa kupigwa msasa. Ngamia tisa, miguu iliyobaki kumi na mmoja. Nilivitia vyote kwenye moto na kuanza upya, safari hii nikiugeuza mchoro. Kabla ya kukata chochote chenye sehemu nyembamba, iwe mguu, mpini wa kijiko au mkia, weka kidole juu ya mchoro na ukipitishe kufuata nyuzi. Kidole kikitoka nje ya umbo haraka, umbo litavunjika mahali hapo.

Kwa watoto wa chini ya miaka 3 kuna kipimo nisichokivunja. Kitu au sehemu yoyote inayoweza kung'oka isiwe ndogo kiasi cha kuingia nzima kwenye tundu la kipenyo cha milimita 31.7, ambalo ndilo linalotumika kupimia vitu vinavyoweza kumkaba mtoto. Nimetoboa tundu la milimita 32 kwenye kibao na kukitundika juu ya meza ya kazi. Gurudumu likipita, nalifanya kubwa zaidi. Ekseli, kile kijiti kinachoshika magurudumu, naivuta kwa koleo kwa nguvu zangu zote baada ya gundi kukauka. Afadhali iachie mikononi mwangu kuliko mdomoni mwa mtoto.

Gundi nyeupe ya mbao inahitaji kubanwa nusu saa hadi saa nzima, na siku nzima kabla hujaiamini. Usiifute kwa kitambaa cha maji inapochuruzika, maana unaipaka ndani ya vinyweleo na baadaye mafuta hayataingia hapo. Utaona baka jeupe ambalo halikuwepo jana. Iache dakika 30 ikawa kama mpira, kisha ikwangue kwa patasi. Inatoka kama ngozi ya maziwa.

Msasa ndio unaochosha, na ndiko zawadi inakopata uzuri au kuukosa. Naanza na namba 80, msasa wenye chembe kubwa, kama kuna alama za msumeno, kisha 120, 180, 220, bila kuruka, kwa sababu kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka kutoka 80 kwenda 220 utasugua mpaka kesho na mikwaruzo itakusubiri ionekane vizuri mafuta yakishapita. Weka taa chini, pembeni ya ubao, mwanga upite juu yake kwa mlalo. Kila kovu litatoa kivuli. Halafu lowesha uso kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke: nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili. Pitisha 220 tena kidogo. Usipozisimamisha wewe, zitasimama siku ya kwanza kibao kikioshwa, na mwenye zawadi atadhani ulimpa kazi ya haraka.

Mpako unategemea kitu kitafanya nini. Vibao na vijiko navipaka mafuta meupe ya madini, yale yanayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kulainisha choo. Kwenye chupa huandikwa parafini ya maji, na tafadhali usiidhanie kuwa mafuta ya taa, ambayo baadhi yetu huyaita parafini vilevile. Nayeyusha nta ya nyuki, sehemu 1 kwa sehemu 4 za mafuta, ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Mafuta haya hayana haja ya kungojwa yaive, kwa hiyo ndiyo ya kukuokoa ukichelewa. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yanachacha, na kibao kitanuka kama kikaango kilichosahaulika.

Vitu vya mapambo na vya kuchezea navipenda kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa laki unaoyeyushwa kwa spiriti. Hukauka chini ya saa moja, na ndiyo hiyohiyo inayong'arisha peremende na vidonge. Ila isitumike chini ya vikombe vya moto, maana itaacha duara jeupe.

Na matambara ya mafuta ya kitani! Usiyakunje ukatupa pipani. Mafuta yanapoganda hutoa joto, na tambara lililokunjwa halina pa kulitolea. Niliwahi kulichukua langu kwenye kona nikakuta lina joto kama pasi, na hakuna aliyekuwa amewasha chochote. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yawe magumu kama kadibodi, au yazamishe kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko.

Vumbi nalo lisichukuliwe kama harufu nzuri ya kazi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vaa barakoa inayobana usoni, fungua mlango, na ufagie baada ya kulowesha sakafu. Maranda hayana neno, watoto waachie wayachezee. Ule unga laini wa msasa ndio unaokaa hewani saa nzima baada ya wewe kwenda kula.

Mwisho kabisa, kabla ya mafuta, geuza kila kitu na uandike chini yake kwa penseli ngumu: jina la mbao, mwaka, na namna ya kukitunza. "Osha kwa mkono, usiloweke, kausha kikiwa kimesimama, paka mafuta kikianza kuonekana kikavu." Shemeji alikiloweka kibao cha pili usiku kucha kwenye beseni, na alikuwa na haki kabisa kuniuliza ni nani angemwambia. Andika kabla, kwa sababu mafuta yakishapita penseli haishiki.