Maswali ya Wasomaji: Konea Hutoka kwa Nani?

SWALI: Mama yangu aliugua kidonda cha jicho, nacho kilipopona kiliacha kovu jeupe. Daktari ameeleza kwamba hakuna dawa ya kuliondoa, hivyo itabidi apandikizwe konea, na jina lake limeandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Mimi ni mwanawe, kundi letu la damu ni moja, na niko tayari kumpa jicho langu moja. Kwa nini wamekataa, na hiyo konea inayosubiriwa itatoka wapi?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Konea ni utando angavu uliofunika sehemu ya mbele ya jicho kama kioo kinavyofunika uso wa saa, na unene wake ni takriban nusu milimita tu. Hakuna daktari atakayelitoa jicho zima la mtu mzima wa afya ili kuliokoa la mwingine, wala hakuna haja ya kufanya hivyo, kwa sababu konea huendelea kufaa kwa saa kadhaa baada ya moyo kusimama. Kwa hiyo atakayempa mama yako konea ni mtu aliyefariki.

Daktari wa macho Eduard Zirm, aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa konea uliofanikiwa mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, ulioko leo Jamhuri ya Czech, alitumia konea ya mvulana aliyekuwa hai, lakini jicho la mvulana huyo lilikuwa limekwisha kuharibika na lilikuwa halina budi kutolewa. Katika miaka ya 1930 daktari Vladimir Filatov wa Odessa, mji wa Ukraine, alieneza matumizi ya konea za marehemu, na benki ya kwanza ya macho, yaani kituo kinachokusanya, kupima na kuhifadhi konea za waliofariki, ikaanzishwa New York mwaka 1944.

Kundi la damu nalo halina uzito unaoudhania. Konea yenye afya haina mishipa ya damu. Hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, na kinga ya mwili haiishambulii kwa wepesi kama inavyoshambulia figo ya mtu mwingine. Hata hivyo, muulize daktari kama mishipa imeota ndani ya kovu la mama, kwani ikiwa imeota, hatari ya konea mpya kukataliwa na mwili huongezeka.

Kuhusu kusubiri, sina la kukufariji. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 wanahitaji konea, na kwamba kwa kila wagonjwa 70 hupatikana konea moja tu. Zamu ya mama itakapofika, mjiandae kwa safari ndefu: nyuzi zinazoshikilia konea huweza kukaa jichoni mwaka mmoja au zaidi, matone ya dawa hutumika kwa miezi mingi, na uoni hurejea polepole. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likianza kuona ukungu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama upasuaji ulifanyika miaka mingi iliyopita.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Mgonjwa akifariki wodini kwetu, tunamsitiri, tunawaita jamaa zake, kisha mwili unapelekwa chumba cha maiti. Ukutani pana tangazo la uchangiaji wa macho, lakini sijamwona mtu yeyote akipiga simu. Hiyo ni kazi ya nani?

JIBU: Ni kazi ya hospitali, dada yangu, na isipokabidhiwa mtu maalumu huwa haifanywi na yeyote. Kwa konea huhitaji mashine ya kupumulia wala mgonjwa aliyekufa ubongo, kama ilivyo kwa moyo au ini; karibu kila kifo hospitalini kinastahili kupigiwa simu benki ya macho. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1998 inazitaka hospitali zinazohudumia wagonjwa wa Medicare, mpango wa serikali wa bima ya afya, kutoa taarifa ya kila kifo na kuwa na makubaliano na angalau benki moja ya macho. Naona busara ya kanuni hiyo imo katika neno «kila», maana muuguzi akiachiwa kuchagua, atawaacha wazee, waliovaa miwani, waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na wengi waliokuwa na saratani, ilhali benki ingeweza kuwapokea. Wasiofaa, kwa mfano wenye virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B au C, kichaa cha mbwa au saratani ya damu, hubainishwa na benki yenyewe kwa kusoma jalada la mgonjwa na kupima damu ya marehemu.

Wakati simu inapigwa, fumba kope za marehemu, zifunike kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, inua kichwa kidogo, zima feni inayompulizia usoni, na mwili upozwe mapema. Benki nyingi hutaka kuchukua konea ndani ya saa 12 hivi, ingawa mwili uliopozwa huongeza muda. Baada ya hapo konea huweza kuhifadhiwa kwenye jokofu hadi siku 14, au katika kimiminika cha joto hadi wiki nne, huku seli za tabaka lake la ndani, ambazo mwili hauzioteshi upya, zikihesabiwa.

Jamaa waulizwe na mtu aliyefunzwa, ambaye si daktari aliyekuwa akimtibu marehemu, na waulizwe baada ya kuielewa habari ya msiba, si kwa pumzi ile ile. Waelezwe bila kuficha kwamba konea, au wakati mwingine jicho zima, itatolewa, kwamba kope hufungwa na sura hubaki kama ilivyokuwa, na kwamba kazi yenyewe haichelewishi mazishi. Wakikataa, jibu lao lipokewe pasipo kubembeleza.

Mwombe mkuu wa wodi aongeze safu moja kwenye daftari la vifo: saa ambayo benki ya macho ilipigiwa simu, na jina la aliyepiga.